Pepe na Punje: Historia ya Vivinjari vya Uhalisia Pepe, Ikitazamwa kutoka Bonde la Kilombero

Katika bonde la mto Kilombero, ambalo mji wake mkubwa ni Ifakara, neno pepe lina maana isiyohitaji kamusi. Ni punje ya mpunga iliyokosa kiini: kwa nje ina ganda kama wenziwe, kwa ndani hamna kitu, naye apepetaye huiacha iende na upepo. Neno hilohilo limetwaliwa miaka ya karibuni kuunda istilahi ya uhalisia pepe, yaani mandhari yaliyotengenezwa na kompyuta ambayo mtu akivaa miwani maalumu huyaona yamemzunguka pande zote, juu na chini, mbele na nyuma. Walioiunda istilahi hiyo yamkini walifuata mfano wa barua pepe, ambamo pepe hukumbusha upepo na wepesi wa kupeperuka. Hawakuwa na ungo mawazoni mwao. Lakini msikilizaji hapewi nia ya mwundaji, hupewa neno tu, na neno hili likifika Ifakara hufika na maana zake zote mbili.

Swali la makala haya ni la kihistoria zaidi kuliko la kamusi, ingawa mwisho wake utarudi katika kamusi. Miwani hiyo ilipata vipi chombo cha kufungulia kurasa za mtandao, na Kiswahili kimepata nafasi gani ndani ya chombo hicho? Chombo chenyewe huitwa kivinjari. Asili ya jina ni kuvinjari, kwenda huku na huku kwa chombo cha majini, hasa kwa ajili ya ulinzi. Liko na jina la pili, kisakuzi, ambalo sikioni lina undugu na kusaka. Moja ni la mabaharia na moja ni la wawindaji. Na huko Kilombero, ambako Wandamba wamesifika tangu zamani kwa mitumbwi yao, na ambako mbuga za mafuriko ni makao mashuhuri ya mnyama sheshe, kila moja lingeweza kupata watetezi. Kwa matumizi ya leo kivinjari laonekana kuwa limetangulia, na ndilo litakalofuatwa hapa.

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, alipendekeza njia ya kuunganisha maandiko yaliyomo katika kompyuta mbalimbali, na mwaka uliofuata akatunga kivinjari cha kwanza. Mwaka 1993 kilitoka Mosaic, kazi ya Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, kilichoonyesha picha na maneno pamoja katika ukurasa mmoja, na hapo ndipo mtandao ulipoanza kuwa mali ya watu wengi. Miwani ilikuwa na nasaba yake nyingine, tena ya zamani zaidi. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, pamoja na mwanafunzi wake Bob Sproull, alionyesha chombo cha kuvaa kichwani kilichomwezesha mtu kuona maumbo ya mistari yakielea mbele yake. Kilikuwa kizito hata kikalazimika kuning'inizwa darini.

Nasaba hizi mbili zilikutana mwaka 1994. Katika mkutano wa kwanza wa dunia wa wataalamu wa mtandao, uliofanyika Geneva mwezi wa Mei, Mark Pesce na Tony Parisi walieleza habari za programu yao iliyoitwa Labyrinth. Badala ya kurasa za kusomwa, hiyo ilifungua maumbo yenye urefu, upana na kina, yaliyounganishwa na mtandao kama kurasa nyingine. Dave Raggett alikwisha pendekeza jina la lugha ya kuandikia maumbo hayo, nalo kwa kifupi likawa VRML. Kampuni ya Silicon Graphics ikatoa muundo wa mafaili yake uwe msingi wa lugha hiyo, na mwaka 1997 ikakubaliwa kuwa sanifu ya kimataifa. Kwa karatasi mambo yote yalikuwa tayari.

Kwa vitendo yalikuwa mbali. Laini za simu za siku zile zilipitisha habari polepole mno, kompyuta za nyumbani hazikuwa na nguvu ya kuchora maumbo kwa haraka, na miwani yenyewe ilikuwa haijafika madukani kwa bei ambayo mtu wa kawaida angeimudu. Mgeni alingoja, kisha akaonyeshwa katika kioo bapa chumba chenye kuta za rangi moja ambamo hapakuwa na la kufanya ila kuzunguka. Hiyo ilikuwa pepe kwa maana ya ungo. Tanzania wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imepata jina lake la mtandao, .tz, mwaka 1995. Kwa hiyo habari za VRML zilipita bila kugusa bonde la Kilombero, na hapana hasara kubwa iliyopatikana kwa hilo.

Kwa zaidi ya miaka 15 jambo hilo lilibaki mikononi mwa wataalamu wachache. Lakini huku nyuma kazi ya msingi iliendelea. Vladimir Vukićević wa Mozilla alionyesha mwaka 2006 namna ya kukifanya kivinjari chenyewe kichore maumbo yenye kina, bila kuongezewa programu nyingine pembeni. Kutokana na jaribio lile ikapatikana sanifu ya WebGL, iliyotangazwa mwaka 2011. Mwaka 2012 kijana Mmarekani, Palmer Luckey, aliwaomba watu fedha kwa njia ya mtandao ili atengeneze miwani ya Oculus, nao wakampa kuliko alivyoomba. Machi 2014 kampuni ya Facebook ikatangaza kuinunua Oculus kwa dola bilioni 2. Mwaka huohuo Vukićević, na kwa upande wa Google Brandon Jones, walianza kutengeneza mfumo ulioitwa WebVR, wa kuviwezesha vivinjari kuzungumza na miwani.

Hapa yafaa kueleza ugumu wenyewe, maana historia ya mambo haya haieleweki bila huo. Kivinjari cha kawaida hufuata mwendo wa kioo cha kompyuta, ambacho aghalabu huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, na macho yote mawili hutazama picha moja. Miwani hutaka picha mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa kila jicho, tena zichorwe upya kila kichwa kisogeapo, mara 72 au 90 kwa sekunde au zaidi. Picha ikibaki nyuma ya kichwa, hata kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, mvaaji hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu. Kwa hiyo ilibidi kivinjari kipewe mambo mawili ambayo hakikuwa nayo: habari ya kichwa kiko wapi na kinaelekea wapi, na ruhusa ya kufuata mwendo wa miwani badala ya mwendo wa kioo.

Tena kivinjari cha miwani kina kazi mbili ambazo huchanganywa mara kwa mara. Ya kwanza ni kuutundika ukurasa wa kawaida hewani, kama shuka iliyoanikwa, ili mvaaji ausome. Ya pili ni kuufanya ukurasa wenyewe kuwa mahali: msomaji hautazami tena, bali yumo ndani yake. Kazi ya kwanza ni rahisi na ina manufaa ya kiasi. Ya pili ndiyo iliyowasumbua wataalamu, na ndiyo iliyohitaji sanifu.

Haja ya sanifu yaweza kufahamika kwa mfano wa mto wenyewe. Mpaka mwaka 2018, aliyetaka kuvuka Kilombero kutoka Ifakara kwenda upande wa Ulanga alitegemea kivuko: alingoja zamu yake, akafuata saa za wenye chombo, na mto ukifurika akakaa. Mwaka huo likafunguliwa Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, na tangu hapo apitaye hupita kwa wakati wake. Kabla ya WebVR, kila mwenye kutengeneza miwani alikuwa na kivuko chake, yaani duka lake la programu. Mwandishi wa kazi moja ilimbidi aiandike upya kwa kila aina ya miwani na kuomba idhini ya kila mwenye duka. Mtandao ulikuwa ukiahidi daraja: kazi iandikwe mara moja, ifunguliwe na yeyote mwenye anwani yake.

Daraja hilo lilijengwa kwa vipande. Mwezi wa Desemba 2015 Samsung ilitoa kivinjari kwa ajili ya miwani yake ya Gear VR, na mwezi huohuo watu wa Mozilla wakatoa A-Frame, ambayo ilimwezesha mtu anayejua kuandika ukurasa wa kawaida kutengeneza mandhari ya kuingiwa kwa mistari michache. Oculus nayo ikatengeneza kivinjari chake juu ya injini ya Chromium. Mwaka 2018 kikundi rasmi cha kutunga sanifu kiliundwa katika shirika la W3C, na WebVR ikaacha nafasi yake kwa mfumo mpana zaidi ulioitwa WebXR, ambao Chrome iliuingiza Desemba 2019. Apple ilichelewa kuliko wote: miwani yake ilitoka Februari 2024, na WebXR ikawashwa ndani ya Safari yake baadaye mwaka huohuo.

Katika orodha hii kimeachwa kwa makusudi kivinjari kimoja, maana chastahili kuelezwa peke yake. Tarehe 18 Septemba 2018 Mozilla ilitoa Firefox Reality, kilichotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya miwani tu. Watungaji wake walikutana na taabu ambayo haikuwamo katika vitabu vya hisabati: mvaaji haioni mikono yake, na kuandika anwani kwa kulenga herufi moja moja hewani kwa kijiti cha mwanga ni adhabu. Wakaweka kipaza sauti. Mvaaji anasema anachokitafuta, kivinjari kinasikia na kutafuta. Katika miwani, basi, sauti imechukua nafasi ya kalamu. Na hapo suala la lugha, ambalo katika kompyuta ya mezani lilikuwa la heshima na urahisi, likawa suala la kuweza au kutoweza. Asiyejua Kiingereza hukisoma kitufe chenye neno la Kiingereza kwa kukariri umbo lake. Lakini sauti haikaririwi kwa umbo. Mashine ama inaisikia lugha ama haiisikii.

Desemba 2018 Firefox Reality iliongezewa lugha saba, pamoja na utafutaji wa sauti kwa lugha hizo. Zilikuwa lugha za Ulaya na Asia ya Mashariki, kama Kifaransa, Kijerumani, Kijapani na Kichina. Kiswahili hakikuwamo. Jambo hili halikutokana na Kiswahili kutowezekana. Tangu Agosti 2017 Google ilikuwa imekiingiza Kiswahili, pamoja na Kiamhari, katika lugha ambazo simu huzisikia na kuziandika. Yaani mkazi wa Ifakara aliyekuwa na simu ya kutosha aliweza kuisemesha kwa Kiswahili mwaka mzima kabla ya kivinjari cha miwani kuzaliwa. Kilichokosekana ni hazina ya sauti iliyo wazi, ambayo mtungaji yeyote angeweza kuitumia bila kuomba kwa kampuni moja.

Wala Kiswahili hakikuwa kigeni katika kazi ya namna hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi wa Kilinux, ambao ulikusanya istilahi za kompyuta na kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Mwaka mmoja kabla yake Wikipedia ya Kiswahili ilikuwa imekwisha anza. Maneno mengi yasomwayo leo bila kustaajabiwa, mathalani faili, tovuti, kupakua na hicho kivinjari, yalizoeleka katika zama zile au karibu nazo. Ila kazi ile ilikuwa ya maandishi. Kwa sauti hapakuwa na kitu kama hicho mpaka mwaka 2021, Mozilla ilipotangaza msaada wa dola milioni 3.4 kutoka kwa Mfuko wa Gates na serikali za Ujerumani na Uingereza, ili Kiswahili kiingizwe kwa nguvu katika mradi wake wa Common Voice. Katika mradi huo watu husoma sentensi kwa sauti, wengine husikiliza na kuhakiki, na mkusanyo wote hutolewa bure kwa yeyote.

Kwa wanafunzi wa lahaja jambo hili si dogo. Mashine hujifunza kutoka kwa sauti iliyopewa, nayo humshangaa asiyefanana na waliomfundisha. Kiswahili cha Ifakara kimekua vinywani mwa watu ambao lugha zao za nyumbani ni Kindamba, Kipogoro, Kimbunga na Kibena, na mji wenyewe umepokea wageni wengi tangu reli ya TAZARA ilipojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Iwapo sauti za pwani na za miji mikubwa pekee ndizo zitakazofundishwa mashine, mkulima wa Mngeta atajikuta akiambiwa arudie maneno ambayo jirani yake hajawahi kumwomba arudie.

Hazina ya sauti ilipoanza kujaa, kivinjari kilichoweza kuitumia kilikuwa karibu kufungwa. Agosti 2020 Mozilla iliwaachisha kazi watu wapatao 250, na kazi yake ya miwani ikapungua sana. Tarehe 3 Februari 2022 ikatangaza kwamba Firefox Reality itaondolewa madukani. Kama ingekuwa mali ya siri, historia yake ingeishia hapo. Lakini msimbo wake ulikuwa wazi, na tangazo lilelile lilisema kwamba Igalia, kampuni ya wataalamu yenye makao Galicia huko Hispania, ingeuchukua na kuuendeleza kwa jina la Wolvic. Igalia imefanya hivyo, na baadaye ikaanza kukijenga kivinjari hicho pia juu ya injini ya Chromium. Hubs, ukumbi wa mikutano uliofunguliwa kwa vivinjari hivi, nao ulifungwa na Mozilla mwishoni mwa Mei 2024, kisha ukaendelezwa na wengine kwa sababu ileile. Mfasiri mwenye kutaka kujua kama jasho lake litadumu kuliko kampuni inayolitumia, ana jibu la kutosha katika mifano hii miwili: tafsiri iliyowekwa ndani ya msimbo wazi hurithiwa, iliyowekwa kwingine huzikwa na mwenye mali.

Yaweza kuulizwa kama bonde la Kilombero lina haja gani na vyombo hivi, wakati miwani ya Quest ilipotoka mwaka 2019 iliuzwa dola 399, na kifurushi cha intaneti huhesabiwa kwa uangalifu na mnunuzi. Swali ni la haki. Ni kweli kwamba tangu kebo za chini ya bahari zifike Dar es Salaam, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, mtandao umekuwa wa haraka zaidi kuliko zama za satelaiti. Ila mandhari moja ya kuingiwa yaweza kula data ya kurasa nyingi za maandishi. Google ilionyesha mwaka 2014, kwa kipande cha boksi chenye lenzi mbili kilichoitwa Cardboard, kwamba simu ya kawaida yaweza kugeuzwa miwani hafifu, na kwa miaka kadhaa hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya maskini. Mwaka 2021 Google iliacha kuiuza. Michoro yake, hata hivyo, ilikwisha wekwa wazi.

Lakini Ifakara yenyewe imetoa jibu la aina nyingine, bila kukusudia. Mji huo umekuwa na watafiti wa maradhi tangu Rudolf Geigy wa Basel alipofika mwaka 1949. Maabara ikaanzishwa mwaka 1957, na mwaka 1961 kikafuata kituo cha kufundishia waganga wasaidizi. Kutokana na maabara ile ikakua Taasisi ya Afya Ifakara, inayojulikana kwa jina hilo tangu mwaka 2008. Mwaka huohuo watafiti walieleza jengo walilolisimamisha huko: nyumba kubwa mno ya wavu, ambayo ndani yake waliweka mimea ya bondeni, kibanda cha mfano wa nyumba za kijijini na mahali pa mbu kutagia. Humo mbu waenezao malaria walizaana vizazi kwa vizazi kana kwamba wako porini, na watafiti wakawachunguza bila kuhatarisha mtu. Kijiji kile hakikuwa kijiji, kwa kuwa kilitengenezwa. Wala hakikuwa pepe, kwa kuwa mbu hawakuona tofauti na maarifa yaliyotoka humo yalikuwa ya kweli.

Hivyo ndivyo mandhari ya kutengenezwa yapasavyo kupimwa, kwa kinachopatikana ndani yake. Gombe ilipigwa picha za pande zote mwaka 2014 na kuwekwa katika ramani za Google. Zanzibar ilipigwa picha kutoka angani kuanzia mwaka 2016 kwa ajili ya Kamisheni ya Ardhi, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakashiriki. Kazi za namna hiyo zikifunguliwa katika kivinjari cha miwani, mwanafunzi wa uganga aliye Ifakara aweza kuingia katika chumba cha upasuaji kilicho mbali, na mwanafunzi wa Geneva aweza kusimama katika mbuga ya Kilombero wakati wa mafuriko, ambayo tangu mwaka 2002 imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Imebaki istilahi. Kuiondoa uhalisia pepe ni kuchelewa, kwa maana imekwisha enea katika magazeti na katika programu. Watunga kamusi wangefanya vyema kuiandika pamoja na asili yake, ili asije mtu akaifasiri kwa ungo. Lakini yapo maneno ambayo bado hayajakaa, na hayo ndiyo yenye haraka. Ukurasa wa WebXR humwonyesha msomaji kitufe kabla ya kumzungusha mandhari, na haumwingizi mpaka akibonye. Istilahi ya Kiingereza kwa tendo hilo hutokana na kuzamisha kitu majini, na mfasiri mwenye haraka angeweza kuandika katika kitufe hicho neno Zama. Watu wa bonde linalofurika, ambao mwezi wa Januari 2016 walishuhudia kivuko chao kikipinduka mtoni, wasingelibonyeza kwa furaha. Ingia ni neno fupi, latosha katika kitufe, na aliyewahi kukanyaga mtumbwi hulielewa bila kuelezwa.